Sauti Ndiyo, Gari Siyo

Besi ya muziki ilimfikia Inspekta Lorna Kathambi kabla hajafika langoni. Ilikuwa ikipigwa ndani ya uwanja wa kituo cha polisi, asubuhi ya siku ya kazi, kwa nguvu ya kutikisa vioo vya chumba cha ripoti. Aliliacha gari lake kando ya barabara, mlango wazi, akaingia kwa miguu.

Katikati ya uwanja palisimama pikapu nyeupe ya viti vya mbele tu, nyuma imesheheni magunia ya vitunguu. Konstebo Bundi alikuwa ameketi kwenye usukani, mguu mmoja nje, mkono kwenye redio, akizidi kuongeza sauti. Mbele ya boneti walijazana watu wa kijiji cha Kibugu, wengine wakiwa bado na aproni zao za plastiki za kuchuna chai. Mbele yao wote, akiwa ameshikwa mikono na wanawake wawili, alisimama Nelius, mama wa marehemu.

"Ndiyo hiyo!" Nelius alilia. "Hiyo inakoroma hivyo! Si niliwaambia tangu siku ya kwanza? Hiyo ndiyo iliua Ruguru wangu!"

Akaporomoka. Wale wanawake wawili wakaketi naye chini, kwenye kokoto.

Kathambi aliifikia pikapu, akapenyeza mkono mbele ya kifua cha Bundi, akachomoa ufunguo. Uwanja ukanyamaza ghafla, kikabaki kilio cha yule mama peke yake.

"Shuka," alisema.

"Madam, ametambua! Umesikia mwenyewe. Nilimnasa mwenye gari jana sokoni, ameegesha, muziki juu. Mtu alipiga simu akasema gari tunalotafuta liko pale. Na bampa imebonyea, angalia!"

"Shuka, nimesema."

Bundi alishuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kupenda kazi yake kupita kiasi, na hadi dakika ile alikuwa ametarajia kupongezwa.

"Nani alikwambia uwaite watu hawa?"

"Nilitaka utambuzi, madam."

"Utambuzi gani? Umempa shahidi wangu gari moja na jibu moja, mbele ya kijiji kizima. Wakili yeyote akisimama kortini akaniuliza hilo, nitamjibu nini? Nitamwambia konstebo wangu alikuwa na haraka?"

Jiwe lilipita juu ya vichwa vyao likatua kwenye kioo cha mbele cha pikapu. Kioo kikapasuka lakini hakikuanguka. Kathambi aligeuka, akawatazama wale watu mmoja mmoja, mpaka yule aliyekuwa ameinama kuokota la pili akanyooka mikono mitupu.

"Atakayerusha lingine atalala ndani," alisema. "Hii pikapu ni ushahidi wenu ninyi. Mkiivunja, mnamsaidia aliyemuua Ruguru."

Walirudi nyuma, wakinung'unika. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira iliyomkaa kifuani tangu siku ile alipoitwa Kibugu.

Ruguru alikuwa mwalimu wa chekechea. Alasiri ile ukungu ulishuka kutoka msituni ukafunika mashamba ya chai, naye alikuwa anatoka kazini kwa miguu, akielekea shambani kumsaidia mama yake kubeba kikapu. Aligongwa chini tu ya shamba hilo. Lakini hakukutwa barabarani. Alikutwa katikati ya michai, hatua kadhaa kutoka ukingo wa barabara, na nyasi zilizolala zilionyesha wazi kwamba alikuwa ameburutwa. Daktari aliyempasua alisema hakufa mara moja.

Hakuna aliyeona gari. Nelius, aliyekuwa akichuna chai juu ya barabara, alisikia. Alisikia muziki mzito ukipanda kutoka bondeni, wenye mkoromo ndani yake kama kifua cha mtu mwenye kikohozi. Alisikia mshindo, akadhani ni ngoma za wimbo. Kisha muziki ukazimwa. Kimya kikakaa, na baada yake gari likaondoka taratibu, bila muziki. Mwanawe alipochelewa, alishuka kumtafuta, na aliyemkuta ni maiti.

Katika maelezo hayo yote, neno moja tu ndilo lililomkosesha Kathambi usingizi: ukazimwa. Dereva aliyegonga bila kujua angepita na muziki wake. Huyu alisimama, akazima, akashuka, akaona.

Aliizunguka pikapu mpaka mbele. Bampa ilikuwa imebonyea kweli, upande wa kushoto, na kwenye ufa wake zilinasa nywele chache.

"Nywele, madam," Bundi alisema. "Sikuzigusa."

Kathambi aliinama. Zilikuwa fupi, ngumu, za rangi ya udongo.

"Bundi, kwenu ni wapi?"

"Runyenjes."

"Na huko Runyenjes hamfugi ng'ombe?"

Bundi aliinama, akazitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwenye gari yuko wapi?"

Mwiti alikuwa selo, ameegemea ukuta. Jicho moja lilikuwa limefungika kabisa na mdomo wa chini umepasuka. Alikuwa kijana wa Ruiri anayenunua vitunguu kwa wakulima na kuvipeleka Embu, na aliposikia mwanamke akimsemesha Kimeru, lugha ya kwao, machozi yakamtoka. Aliyapangusa upesi kwa kiganja, kama mtu aliyekasirikia macho yake mwenyewe.

"Nani alikupiga?"

Mwiti alimtazama Bundi juu ya bega la Kathambi, kisha akatazama sakafu.

"Alikataa kukamatwa, madam," Bundi alisema.

"Sikukuuliza wewe. Mwiti, bampa ulibonyezea wapi?"

"Niligonga ndama ya jirani, huko kwetu. Uliza mtu yeyote Ruiri. Nilimlipa, tukamaliza."

"Na huo muziki?"

"Niliwekewa Jumamosi iliyopita. Kinoru, kwa fundi Misheck, karibu na uwanja wa mpira. Kabla ya hapo hii gari ilikuwa na redio ya kawaida tu, ile ndogo ya habari. Madam, mimi Kibugu sijawahi kufika. Sijui hata barabara yake."

Jumamosi iliyopita Ruguru alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kathambi alirudi uwanjani na tochi. Alikunja kiti cha abiria, akakimulika kilichokuwa kikinguruma: boksi la mbao lenye spika mbili kubwa za besi, limebanwa kwa shida nyuma ya kiti. Pande tatu zilikuwa zimefunikwa zulia jeusi lililogundishwa kwa ustadi, pembe zimekunjwa vizuri. Upande wa nne ulikuwa mbao tupu, ukingo wake ungali na vumbi la msumeno.

"Njoo uone," alimwambia Bundi. "Hili boksi lilikatwa. Halikutengenezewa pikapu hii. Lilitengenezewa gari pana zaidi, lenye viti vya nyuma. Pikapu ya milango minne, labda."

"Lakini Mama Ruguru ameitambua sauti. Ameapa."

"Na hakukosea. Sauti ndiyo. Gari siyo." Alizima tochi. "Leta ufunguo wa gari letu. Tunaenda Kinoru, na utaendesha wewe, kwa sababu mimi nikiendesha na hasira hii nitaua mtu."

*

Kibanda cha Misheck kilikuwa cha mabati, kimebandikwa kwenye ukuta wa gereji mkabala na uwanja wa Kinoru. Gari dogo lilikuwa limevuliwa milango yote kwa ndani, nyaya zikining'inia kama matumbo. Misheck mwenyewe, mtu mnene mwenye miraa shavuni, alikuwa ameketi juu ya kipande cha mbao akichomelea waya. Alipoona kitambulisho cha polisi alizima kifaa chake, lakini hakusimama.

"Spika za Mwiti ulizitoa wapi?" Kathambi aliuliza.

"Nairobi, madam. Mpya kabisa."

"Mpya hukoroma?"

"Moja ina shida kidogo. Nilimwambia nitambadilishia."

"Kama ni mpya, zilikuja na makatoni. Nionyeshe."

"Nilitupa."

"Lini?"

"Siku ile ile. Hapa hakuna nafasi, si unaona?"

"Na boksi nalo lilikuja jipya kutoka Nairobi? Halafu ukalikata?"

Misheck alihamisha miraa kutoka shavu moja hadi lingine. "Madam, mimi ni fundi wa muziki. Mteja akileta gari, naweka. Akitaka besi, nampa besi. Hayo mambo mengine mimi sijui."

"Simama."

"Nini?"

"Nimesema simama, Misheck."

Alisimama. Kathambi alikiinua kile kipande cha mbao alichokuwa amekalia. Upande wa chini kilikuwa na zulia jeusi, limegundishwa kwa ustadi, pembe zimekunjwa vizuri. Alikiweka juu ya meza, baina yao.

"Sasa nisikilize," alisema, na sauti yake ikashuka badala ya kupanda. "Mwiti yuko selo. Jicho lake moja halioni. Kesho anaweza kushtakiwa kwa kuua mwalimu wa watoto wadogo, na watu wa kwao yule mwalimu wameshaipiga pikapu yake jiwe, kwa sababu ya sauti ya spika ulizomwekea wewe ukamwambia ni mpya. Rudia tena kwamba ni za Nairobi. Rudia, Bundi aandike."

Misheck alitema miraa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwiti? Huyu Mwiti wa vitunguu?"

"Huyo huyo."

"Huyo kijana hata honi huona haya kupiga!" Aliketi juu ya tairi. "Hakuna mtu aliniambia kuna mtu amekufa. Naapa. Mimi nilijua tu kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu hiyo haijawahi kutokea hapa. Watu huja nitoe spika za kiwandani niweke kubwa. Huyo ndiye wa kwanza kuniambia nitoe kubwa nirudishe za kiwandani."

"Huyo nani?"

"Mzee mmoja wa Embu. Double cab nyeupe, pikapu ya milango minne. Alikuja akitaka kila kitu: amplifaya, besi mbili za nyuma, spika za milango, na honi za tarumbeta juu ya paa na maikrofoni ya kusemea. Alisema anataka kuingia siasa, watu wamsikie kutoka mlima mpaka mto. Nilimaliza Jumatano mchana, wiki tatu zimepita. Nikamwambia, mzee, spika bado mpya, usizipige sauti ya mwisho, zitapasuka. Akacheka. Akaondoka hapa ukuta ukitetemeka."

Kathambi hakumtazama Bundi. Ruguru aligongwa Jumatano hiyo hiyo, alasiri.

"Akarudi lini?"

"Ijumaa, asubuhi na mapema. Spika moja imeshapasuka ukingo. Nikadhani amekuja kulalamika. Kumbe anataka nitoe zote, na zile honi za paa, na mashimo ya skrubu niyazibe nipake rangi. Irudi kama ilivyotoka kiwandani, alisema. Hizo spika akaniambia nibaki nazo, nisiulize kitu. Nikafunga mdomo, zikakaa hapa mpaka Jumamosi iliyopita nikamuuzia Mwiti. Hiyo ndiyo makosa yangu."

"Jina lake?"

"Hakusema. Nilikuwa namwita mzee tu."

"Namba ya gari?"

"Sikuishika kichwani." Misheck alifuta jasho, halafu akatoa simu mfukoni. "Lakini mimi kila kazi naipiga video, naweka mtandaoni, wateja waone. Ya kwake aliniambia nifute. Nilifuta kwa mtandao. Kwa simu sikufuta."

Video ilianza na sauti. Mkoromo haukuwepo bado. Besi ilikuwa safi. Double cab nyeupe ilionekana, namba yake wazi kabisa, milango yote minne imefunguliwa, na mwanamume wa makamo mwenye sweta la kijivu akiwa amesimama kando yake na maikrofoni mkononi, akitabasamu kama bwana harusi. Alipuliza maikrofoni mara mbili. "Hamjambo, watu wangu wa Kibugu!" alinguruma, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakacheka na kumpungia mikono.

Bundi alikuwa ameinama nyuma ya bega la Kathambi. Sasa alinyooka polepole.

"Madam," alisema.

"Unamjua?"

"Huyo ni Mzee Gachoki. Mwenye hardware pale Kibugu, anauza mabati na saruji. Ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya Ruguru." Alikinyooshea kidole kioo cha simu. "Na ndiye aliyenipigia simu jana. Alisema ameipita pikapu sokoni akaitambua sauti."

Kathambi aligeuka akamkabili.

"Ameitambua sauti," alirudia. "Sauti iliyosikika Kibugu mara moja tu, siku moja, na aliyeisikia ni mama mmoja shambani. Ukamuuliza ameijuaje?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Ni... ni mtu wa heshima, madam."

"Na Mwiti si mtu wa heshima. Yeye unaweza kumpiga mpaka jicho lifunge." Aliichukua simu kutoka mkononi mwa Misheck. "Mzee alisikia spika zake mwenyewe kwenye gari la mtu mwingine, akaona Mungu amemletea wa kumbebea msalaba. Akakutafuta wewe. Akajua hutauliza kitu."

Alipiga simu kituoni papo hapo, akaagiza Mwiti atolewe selo apelekwe hospitali, na pikapu yake ifunikwe isiguswe na mtu. Kisha akamwambia Bundi aandike maelezo ya Misheck, na simu yenye video ifungwe kwenye mfuko wa ushahidi.

"Ukimaliza ya Misheck, utaandika yako," aliongeza. "Nani alimpiga Mwiti, na kwa nini. Usipoandika wewe, nitaandika mimi, na kalamu yangu leo si nzuri."

*

Walifika Kibugu asubuhi iliyofuata. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na watu waliobeba vikapu kuelekea banda la kupimia majani waligeuka kutazama gari la polisi. Mbele ya duka la hardware, kati ya rundo la mabati na mifuko ya saruji, double cab nyeupe iliegeshwa, imeoshwa ikang'aa. Mbele ilikuwa na ngao mpya ya vyuma vinene.

Mzee Gachoki alitoka akipangusa mikono. Alivaa sweta lile lile la kwenye video.

"Karibuni, karibuni! Inspekta, nimesikia mmemshika. Bwana asifiwe. Ingieni tunywe chai."

"Hatunywi chai, mzee. Tuna maswali machache. Hili gari ni lako?"

"La kwangu, naam."

"Nani huliendesha?"

"Mimi tu. Silikopeshi mtu."

"Jumatano ile Ruguru aligongwa, ulikuwa wapi nalo?"

"Hapa dukani. Siku nzima."

"Muziki wake ukoje?"

Gachoki alicheka kidogo. "Muziki gani, mwanangu? Mimi ni mzee wa kanisa. Ni redio tu ya kiwandani, ya kusikiliza ibada."

"Fungua boneti."

"Ya nini?"

"Fungua tu."

Alifungua. Kathambi alimulika pembeni mwa betri. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva palikuwa na tundu la mviringo, jipya, limezibwa kwa mpira. Kwenye nguzo ya betri kulikuwa na alama ya waya mnene uliobanwa ukaondolewa.

"Redio ya kiwandani haihitaji waya wa unene wa kidole," alisema. "Bundi, mlango wa nyuma."

Bundi alibandua ubao wa ndani wa mlango. Nyuma yake chuma chote kilikuwa kimegundishwa mikeka mizito myeusi, ile ya kuzuia bati lisilie besi ikipigwa. Misheck alikuwa ametoa kila kilichoonekana. Hiki kilichojificha alikiacha.

"Juu ya paa napo kuna rangi mpya, madoa manne," Kathambi alisema. "Ni mashimo ya honi. Na hiyo ngao ya mbele ni ya lini?"

"Nilinunua zamani."

"Bundi, mwanga hapa."

Nyuma ya vyuma vya ngao, ukingo wa boneti ulikuwa umepigwa nyundo ukanyooshwa, na rangi yake haikulingana na nyingine. Kathambi hakuigusa. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, vikapu vikiwa migongoni, wakiulizana kwa Kiembu kuna nini. Akatoa simu yake, akaiinua, akacheza nakala ya video.

"Hamjambo, watu wangu wa Kibugu!" sauti ya Gachoki ilinguruma kutoka kwenye kile kisimu.

Uso wa mzee ulipauka. Aliangalia huku na huku, akaona watu, akashusha sauti.

"Tuingie ndani, tafadhali. Tuzungumze kama watu wazima."

"Mzee Gachoki, nakukamata kwa kifo cha Ruguru. Huna lazima ya kusema kitu. Ukitaka kukiri, utakiri mbele ya afisa mwingine, si mimi, na mtu utakayemchagua akiwepo. Umeelewa?"

"Ilikuwa ajali!" Maneno yalimtoka kama aliyesukumwa mgongoni. "Ukungu, mwanangu! Nilikuwa nimeinamia redio, nabadilisha wimbo. Sikumwona. Kusudi langu halikuwa..."

"Nimekuonya usiseme hapa."

"Nilizima muziki ndipo nikasikia analia. Nilishuka. Naapa nilishuka!"

Watu walipisha njia, na katikati yao akapita Nelius. Mtu alikuwa amekimbia kumwita, naye alifika video ikiwa bado inacheza. Alikuwa amevaa aproni yake, mikono imelowa umande, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Hakupiga kelele kama jana. Alimkaribia Gachoki mpaka Bundi akataka kumzuia, na Kathambi akamshika Bundi mkono.

"Umesema alikuwa analia," Nelius alisema.

Gachoki aliinamisha kichwa.

"Mimi nimekuuliza, Gachoki. Ulinishika mkono kaburini. Ulituombea. Ulilipia spika za kukodi ili watu wote wasikie mahubiri, ukasema hizo ni mchango wako. Sasa niambie. Alikuwa analia, akasema nini?"

"Mama Ruguru, nisamehe."

"Akasema nini?"

Gachoki aliinua uso. Alijibu kwa sauti ndogo sana.

"Alinitambua. Alisema, 'Mzee, niitie mama. Yuko hapo juu.'"

Mwanamke mmoja katika umati alifunika uso kwa kanga. Kathambi aligundua kwamba amekunja ngumi mpaka kucha zinamuuma viganja. Alimtazama yule mzee wa sweta la kijivu na kuona waziwazi jinsi siku ile ilivyokwenda: mtu anaheshimika, uchaguzi unakaribia, msichana aliyemwona uso na kumtaja, ukungu unaoficha kila kitu, michai hatua chache tu.

"Nilikuwa hapo juu," Nelius alisema. "Nilikuwa nasikia gari lako limesimama. Nikasema, labda ni mtu amepatwa na haja, nisimchungulie." Aliinua mkono wake mweusi akauelekeza kwenye paa la double cab. "Ulikuwa na maikrofoni. Hukuhitaji hata kumbeba. Ungeishika tu useme, Nelius, shuka. Ningeshuka. Ningemkuta anapumua."

Gachoki alianza kulia. Hakuna aliyemtazama kwa huruma. Kutoka nyuma mtu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba petroli ipo dukani kwake mwenyewe, na maneno hayo yakapita mdomo kwa mdomo mpaka umati mzima ukasogea hatua moja mbele. Bundi aliweka mkono kwenye bunduki. Kathambi alimfunga Gachoki pingu, akamsukuma kuelekea gari la polisi, lakini njia ilikuwa imeshazibwa na vikapu na mabega.

"Pisheni," aliamuru.

Hakuna aliyepisha. Yule wa petroli alikuwa ameshaingia dukani.

Hapo Nelius aligeuka akawapa mgongo polisi na mzee wao, akawakabili majirani zake.

"Wewe uliyeingia huko ndani, rudisha," alisema. "Huyu hafi leo. Akifa leo, kesho watoto wake watasema mzee wao aliuawa bure na watu wajinga wa chai. Mimi nataka aende kortini. Asimame pale, ayarudie hayo maneno aliyoniambia, kwa sauti, kila mtu akiwa ameketi anasikiliza. Yote, mpaka lile la mwisho."

Alisubiri. Mlango wa duka ulisikika ukifungwa, na mtu akatoka mikono mitupu. Mmoja baada ya mwingine walisogea pembeni.

Kathambi alimwinamisha Gachoki kichwa akamwingiza nyuma ya gari. Bundi akawasha injini. Walipopita, Nelius alikuwa bado amesimama pale pale katikati ya barabara, mikono imeshuka, na iliwabidi wamzunguke kwa kukanyaga nyasi za kando, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyethubutu kumwambia asogee.